Discovery 4 au Range Rover Sport ya zamani: kama ni ndugu wa baba mmoja, nani anakula hela kidogo?

#1 Kigoda
Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja, nina hela imekaa, bajeti inafika kwenye Discovery 4 ya 2011 au 2012 na nikijikamua inafika pia Range Rover Sport ya miaka hiyohiyo, ile shepu ya zamani sio hii ya sasa. Zote dizeli 3.0, zote za kutoka Uingereza. Sasa kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema hizo gari ni kitu kimoja wamebadilisha nguo tu, mwingine anasema Sport ni gari ya kuposea sio ya kulea watoto. Nina familia ya watu sita ukimhesabu na mama mkwe anayekuja kila likizo, nyumba iko Goba huko juu kwenye makorongo, na Songea naenda mara kwa mara. Naomba wenye hizi gari, sisemi wenye picha za hizi gari, wanipe uzoefu. Na hili la injini kukata krenki, ile shafti kuu ya ndani, ni kweli au ni maneno ya wenye Prado?

#2 mtoro_wa_foleni
Watu sita halafu unaulizia Sport yenye siti tano? Mama mkwe unamuweka kwenye buti? Naagiza karanga nakaa hapa.

#3 Nyange wa Arusha
Kigoda karibu kwenye chama cha wavumilivu. Mi natembelea Disco 3, yaani Discovery 3 iliyotangulia hiyo 4, ile ya 2.7, nilinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga kambi yake ya watalii, na mdogo wangu ana Sport kwa hiyo hizi mbili nazijua zikiwa zimelala uwanja mmoja. Ndugu kweli. Disco 3 ilitoka 2004 Sport ikafuata 2005, zote za Solihull, chasisi ya chuma chini halafu bodi yenye fremu yake juu, ndo maana zina uzito wa karibu tani mbili na nusu hujapakia hata kuku. Ila Sport wameikata katikati. Toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Disco ni milimita 2885, Sport ni 2745. Sentimita 14 hizo zimetoka kwenye magoti ya abiria wa nyuma na kwenye buti. Paa wakalishusha, kioo cha mbele wakakilaza. Ukikaa kwenye Disco unaona mapaa ya daladala, ukikaa kwenye Sport unazama, dashibodi imekufunika na kati hapo pamekupandia hadi kwenye kiwiko. Kwa Goba, Songea na watu sita swali lako limeshajijibu, ulikuwa unataka mtu wa kukuunga mkono tu.

#4 Shemeji Mkuu
Nyange unaongea kama mtu aliyeendesha Sport kuipeleka kuoshwa. Mi nina Sport 3.0 ya 2011 na kabla yake nilikuwa na Disco 4, kwa hiyo sisimuliwi. Ndani kwenye injini na gia ni zilezile, farasi 245 na toki (nguvu ya kuvuta) 600, hakuna anayemzidi mwenzake kwenye karatasi. Lakini pandisha Kitonga na Disco halafu pandisha na Sport, utajua kwanini wenye Sport hatuuzi. Disco kwenye kona inalala, ukikata haraka wife anashika mpini wa juu na kuanza kusali. Sport imetulia inafuata usukani. Na mwendo wa mbali mgongo hauumi. Sawa siti ni tano, lakini mama mkwe mara mbili kwa mwaka ndo umnunulie siti za mwaka mzima? Mpandishe basi, mabasi ya Songea yako vizuri siku hizi.

#5 mtoro_wa_foleni
Mama mkwe ameshashushwa kwenye gari posti ya nne tu, gari yenyewe haijanunuliwa 😂

#6 Bwana Spana
Nimeitwa na mtu inbox nije huku. Mimi ni fundi, hizi gari ndo mkate wangu kwa hiyo sina upande, mkinunua yoyote mtanifikia. Kwa matunzo tofauti ni ndogo kuliko mnavyodhani. Alteneta, rejeta, komplesa ya sasipensheni ya upepo, gia boksi ya kampuni ya ZF, handbreki ya umeme, vyote ni ukoo mmoja. Vinavyotofautiana ni mifuko ya upepo ya sasipensheni yenyewe na shoku zake, stabilaiza zinazozuia gari kulala kwenye kona, vioo, taa, na vya ndani. Sasa kitu ambacho mwenye Sport hataki kuambiwa, ukienda maduka ya spea ya Gerezani ukasema nataka komplesa ya Disco 4 unapewa bei, ukirudi mchana ukasema nataka ya Range Sport unapewa bei nyingine, boksi lile lile limeshuka rafu ile ile. Ukitamka Range tu mwenye duka anakaa vizuri. Wateja wangu wa Sport nawaambia mkienda dukani semeni Disco.

Kwenye kununua angalieni gia. 2010 na 2011 nyingi ni gia 6, modeli ya 2012 kwa 3.0 wakaanza kuweka gia 8 ya ZF. Gia 8 inakula mafuta kidogo na inabadili bila kuhisi. Kigoda kama 2011 na 2012 zinapishana bei kidogo chukua 2012.

#7 Jicho la Mwewe
Mnadanganya watu, Sport ya siti saba ipo. Jirani yangu anayo nimeona kwa macho yangu watoto wanatokea nyuma.

#8 Kaka wa Coventry
Jicho, uliyoiona ni ile ya kuanzia 2013, bodi ya aluminiamu, ile walitoa na viti viwili vidogo nyuma kama oda ya ziada. Ile sio ndugu wa Disco 4 tena, inatumia msingi mmoja na Range Rover kubwa ya 2012 na imepungua uzito kwa zaidi ya kilo 400. Anayoiulizia Kigoda ni ile ya 2005 hadi 2013, na hiyo haikuwahi kuwa na siti saba kutoka kiwandani. Disco 4 yenyewe iliendelea na chasisi ya zamani hadi 2016, ikaja Disco 5 nayo ikaingia aluminiamu. Kwa hiyo udugu wa Disco na Sport ulikatika hapo katikati ukarudi baadaye.

#9 Jicho la Mwewe
Sasa si ni Sport? Nimesema Sport ya siti saba ipo, ipo.

#10 Mama Pacha
Shemeji Mkuu hilo la basi mwambie mama yako kwanza halafu urudi hapa utuambie alisemaje.

Mimi ni mwenye Disco 4, na ni dereva wake, sio wa kukaa pembeni. Kigoda sikiliza, kwenye Disco siti za nyuma kabisa anakaa mtu mzima na magoti yake, sio zile za gari nyingine za kukunja mtoto wa darasa la pili. Kila mstari umepanda juu kidogo kuliko wa mbele kwa hiyo hata wa mwisho anaona barabara, watoto hawatapiki. Ukizilaza zote nyuma panakuwa sakafu bapa, nimesafirisha friji, magodoro, mbuzi wa sikukuu, yote. Na lile buti linalofunguka vipande viwili, kile cha chini kinakuwa benchi, tukisimama Mikumi kula tunakalia hapo. Sport inafunguka kioo tu juu na mlango wake mmoja.

Ubaya nao nausema. Upana wake maegesho ya mjini ni kesi. Na dirisha la juu lina mirija ya kupitisha maji ya mvua, ikiziba na vumbi na majani maji yanashukia miguuni na huko ndo kuna nyaya. Mwambie fundi apulize hiyo mirija kabla ya masika. Wengi hapo ndo wanaanza kusema gari ina majini, taa zinawaka zenyewe, kumbe ni maji.

#11 Wa Kilifi
Wadau wa TZ salamu kutoka Kenya. Huku kwetu sheria ni gari isizidi miaka minane kuingia, kwa hiyo Sport ya zamani na Disco 4 tunazouziana sasa ni zilizo ndani ya nchi tayari, na hiyo inabadilisha hesabu kabisa bana. Ya kutoka UK imeoza chini kwa chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi lakini juu imetunzwa na rekodi za sevisi zipo. Ya humu ndani chuma kizima lakini hujui nani aliiweka nini. Nyinyi bado mnaweza kuagiza za umri huo, mnalipa tu ushuru wa uchakavu juu yake. Kigoda ukiagiza uliza picha za chini ya gari, sio za rimu.

Sasa tuongee krenki maana naona mnaikwepa. Ni kweli. Hizi injini za dizeli za V6 zinazoitwa TDV6, 2.7 na 3.0 zote, zinajulikana dunia nzima kwa beringi kuzunguka na krenki kukatika. Sababu kwa maoni yangu ni moja: kiwandani walisema oili ibadilishwe kila karibu kilomita elfu 24. Hiyo ni kichaa. Mwenye gari wa kwanza Uingereza alifuata kitabu, wa pili akafuata kitabu, wewe wa tatu ndo unaletewa jeneza. Badilisha kila elfu nane utazeeka nayo.

#12 Dr Grisi
Wa Kilifi oili ni sehemu ya hadithi, sio hadithi. Zipo zilizobadilishwa oili kwa wakati na risiti zipo na bado zikaondoka. Tatizo ni beringi zenyewe. Beringi za injini za zamani zilikuwa na kijino kinachoingia kwenye kifereji ili isizunguke. Hizi hazina kijino, zinashikiliwa na mbano tu. Ukikosa oili sekunde chache, joto likipanda, inateleza inazunguka, tundu la oili linaziba, na krenki inakauka hapo hapo. Ukiifungua utakuta beringi imegeuka.

#13 Kaka wa Coventry
Dr Grisi injini nyingi za kisasa hazina hicho kijino na zinaishi. Halafu jiulize, hii injini sio ya Land Rover peke yake. Ni kazi ya Ford na wale wa Peugeot-Citroën, ikawa inaundwa Dagenham hapa Uingereza. Iliwekwa kwenye Peugeot 407, Citroën C6, Jaguar S-Type na XF. Huku mtaani ukitaja krenki kukatika watu wanakutajia Disco na Sport, hawakutajii C6. Kilichobadilika ni nini? Uzito. Citroën haivuti trela la farasi. Disco na Sport zimeruhusiwa kuvuta tani 3.5, na huku wanavuta kweli kila wikiendi, mashua na farasi na makaravani. Gari ya tani mbili na nusu inavuta nyingine tatu mlimani, krenki ikichoka utamlaumu nani?

#14 Jicho la Mwewe
Hiyo injini ni ya BMW acheni kuzunguka.

#15 Kaka wa Coventry
Sio. BMW aliiuza Land Rover kwa Ford mwaka 2000. Dizeli ya BMW ilikuwa kwenye Range Rover kubwa ya 2002 hadi 2006, ile ya silinda sita za mstari. Disco 3 na Sport zimezaliwa mikononi mwa Ford, halafu 2008 Tata wa India akainunua Jaguar na Land Rover kwa pamoja. Kwa hiyo Disco 4 imezaliwa kwa mhindi na tumbo la Ford.

#16 mtoro_wa_foleni
Baba mhindi mama mmarekani jina la kizungu anazeekea Goba. Huyu mtoto ana haki ya kuwa na majini.

#17 Bwana Spana
Niwaambie ninachokiona mimi kwenye benchi. Zinazokuja kwangu zimekufa nyingi ni za mjini, mtu anatoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, foleni tupu. Za 2011 kuja juu kutoka Uingereza zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na lile chujio linajisafisha kwa kuongeza dizeli ndani ya silinda ili joto lipande. Ukiizima katikati, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji, kipimo kinapanda juu badala ya kushuka na mwenye gari anafurahi gari haili oili. Hapo beringi inakufa taratibu. Wa mikoani sioni sana wakiwa na shida hiyo.

#18 Nyange wa Arusha
Bwana Spana heshima yako, lakini 2.7 kama yangu nyingi hazikuwa na hilo chujio na nazo zinakata krenki. Utalielezaje?

#19 Bwana Spana
2.7 ya mwanzo ina ugonjwa wake mwingine, pampu ya oili. Lile ganda la pampu ndo limeshika tensha inayokaza taimingi belti, na la zamani lilikuwa dhaifu linavunjika pale kwenye mkono, belti ikilegea vali na pistoni zinakutana. Watu wanasema krenki kumbe ni hiyo. Wakabadilisha muundo baadaye. Ukifanya taimingi belti ya 2.7 badilisha na pampu hapo hapo, usirudishe ile ya zamani kuokoa hela. Na msisahau belti ya pili iko nyuma ya injini inazungusha pampu ya dizeli, mafundi wengi wanabadili ya mbele tu wanakwambia tayari mkuu.

#20 Dr Grisi
Hapo umekwepa swali la Nyange. Krenki iliyokatika na pampu iliyovunjika ni vitu viwili, fundi hawezi kuvichanganya.

#21 Bwana Spana
Fundi hawezi. Mwenye gari anayeandika mtandaoni anaweza.

#22 Nyange wa Arusha
Mi nina nadharia yangu na haina spana ndani yake. Anayekatikiwa krenki anafungua uzi kwenye kila mtandao. Sisi ambao hatujakatikiwa tuko barabarani. Mtu akiuliza anakuta maiti tu mtandaoni, anadhani mji mzima umekufa.

#23 Wa Kilifi
Nyange hiyo ni ya kujipa moyo mazee, hata mi najipa, lakini usikie injini ikigonga usiku Mai Mahiu uone kama moyo utabaki.

#24 Jicho la Mwewe
Suluhisho rahisi, hiyo oili nyembamba ya 5W-30 ni ya nchi za baridi. Weka 15W-40 ile ya lori, joto letu hili inafaa, krenki haikatiki.

#25 Bwana Spana
ASITOKEE MTU AKAFANYA HIVI. Wenye chujio oili lazima iwe ile yenye majivu kidogo, vinginevyo chujio linaziba. Na njia za oili kwenda kwenye turbo ni nyembamba, na 3.0 ina turbo mbili.

#26 Shemeji Mkuu
Mi niliwahi kuwekewa hiyo ya lori. Gereji moja siitaji iko wapi, niliacha gari kwa sevisi nikaletewa bili ya oili ya Ulaya, siku ya pili asubuhi ikiwashwa inalia kwanza kama inakohoa. Nikaipeleka kwingine wakaimwaga wakakuta nzito tena chafu kama haikubadilishwa. Toka siku ile oili nanunua mwenyewe, naibeba na kisado chake, nakaa kwenye stuli hadi wamalize. Mafundi wananichukia. Waache wachukie.

#27 Binti wa Muscat
Assalam alaykum. Nasoma nikicheka maana huku Oman habari ya krenki hatuijui sana, dizeli kwenye gari za nyumbani ni nadra, zote petroli. Baba alikuwa na Disco 3 ya 4.4 V8, ami yangu ana Sport ya 4.2 ile ya supachaja, farasi 390, mpaka leo inatembea inanguruma. Msidhani petroli ndo peponi lakini. Zile za 5.0 zilizofuata kuanzia 2009 zina cheni za taimingi, tensha zinalika zinaanza kulia asubuhi. Na mabomba ya plastiki ya maji yanapasuka kwa joto. Kila injini na ajali yake.

Kwenye swali la kaka Kigoda, kwenye mchanga Disco na Sport ni sawasawa ukipunguza upepo wa matairi. Sport fupi katikati kwa hiyo haikwami tumbo kwenye mgongo wa kilima cha mchanga kirahisi. Ila rimu kubwa za inchi 20 na tairi nyembamba anazovaa zinamponza. Ami alizitoa akaweka ndogo, wanamcheka mjini, jangwani anawacheka yeye.

#28 Kigoda
Wa alaykum salam dada, na wote asanteni. Sasa mbona mmenichanganya zaidi. Niulize kwa vipande: (1) mafuta, (2) ile sasipensheni ya upepo, nasikia watu wanaing'oa wanaweka springi, (3) nasikia kubadili turbo lazima bodi itolewe juu, hiyo ni kweli?

#29 Shemeji Mkuu
Mafuta nakujibu mimi. Dar hadi Iringa kwa mguu wa kiungwana napata kilomita tisa hadi kumi kwa lita. Mjini sita au saba, foleni ya Kimara usipige hesabu utaumwa. Disco yangu ya zamani ilikuwa inakula zaidi kidogo sana, nadhani ni paa lake linapigana na upepo, lakini haikuwa tofauti ya kumfanya mtu achague gari.

#30 Mama Pacha
Mimi sijawahi kupata kumi. Naomba huo mguu wa kiungwana uuze.

#31 Bwana Spana
Swali la tatu, bodi. Ndiyo na hapana. Turbo zimekaa nyuma ya injini pamebana sana, na kwa sababu bodi imekaa juu ya chasisi, mafundi wengi wanaona nafuu kufungua boliti, kuchomoa nyaya na mabomba, na kuinyanyua bodi nzima kwa lifti. Ukipita nje ya gereji ukaona gari yako imevuliwa shati usizimie. Wapo wanaofanya bila kuinyanyua, vidole vyembamba na subira, inachukua siku. Hii ni sawa kwa Disco na Sport. Hakikisheni gereji ina lifti ya kweli ya nguzo mbili. Mti wa mwembe na cheni sio lifti.

Upepo. Komplesa inakufa kwa sababu mfuko mmoja unavuja taratibu, gari inalala kona moja asubuhi, komplesa inafanya kazi masaa yote kujaza hadi inaungua. Mtu anabadili komplesa, haitafuti inapovuja, baada ya muda anarudi analaumu spea. Paka maji ya sabuni kwenye mifuko na kwenye valvu zake uone mapovu. Komplesa za mwanzo ni Hitachi, baadaye ukaja AMK yenye kelele ndogo, ukihama kwenda AMK kuna programu ya kuingiza kwenye kompyuta ya gari, bila hiyo haielewani.

#32 Nyange wa Arusha
Kung'oa upepo mi nimekataa. Disco 3 chache za bei ya chini zilitoka kiwandani na springi za kawaida, hizo ni sawa maana zilipimwa hivyo. Lakini ukiitoa kwenye gari iliyozaliwa na upepo unapoteza kuinyanyua kwenye maji. Kitabu kinasema inaingia maji ya milimita 700 ikiwa imenyanyuliwa. Kigoda na makorongo ya Goba masika utaitaka hiyo. Na Sport ndo kabisa, zile zote zilitoka na upepo, ukiweka springi umenunua jina ukatupa gari.

#33 Wa Kilifi
Mimi nimeweka springi na nalala usingizi. Nyange una mashamba ya kuvuka mito, sisi wengine tunavuka matuta ya barabarani tu. Kompyuta unaidanganya kidogo taa inazima, shida kwisha. Kila mtu na Disco yake.

#34 Nyange wa Arusha
Taa inazima. Ndo shida yenyewe.

#35 Dr Grisi
Turudi nyuma kidogo. Hakuna aliyejibu kwanini Sport ni ghali kuliko Disco kama kila kitu ni kimoja na Disco ina siti mbili zaidi. Kiuhandisi Sport ilitakiwa iwe bei ya chini.

#36 mtoro_wa_foleni
Daktari nenda harusini na Disco halafu nenda na Sport. Ya Disco utaulizwa umeleta viti wapi.

#37 Kaka wa Coventry
Jina. Walionyesha ile ya maonyesho Detroit Januari 2004 wakaiita Range Stormer, wakajua watu wanataka Range ya kijana. Wangeiita Discovery Sport wakati ule hakuna ambaye angelipa hiyo hela.

Ila kuna jambo lingine linawahusu nyie wanunuzi. London toka Agosti 2023 eneo la tozo ya moshi limepanuliwa hadi mitaa yote ya jiji, mwenye dizeli isiyofika kiwango cha moshi cha Euro 6 analipa pauni 12.50 kila siku akiiwasha akatoka. Disco 4 na Sport nyingi za zamani hazifiki. Watu wanaziuza. Kwa hiyo msishangae zikiwa nyingi kwenye minada na zenye hali nzuri tu, haina maana kwamba zote ni mbovu zimekimbiwa.

#38 Wa Kilifi
Ndo maana nikasema tunaletewa jeneza, sasa angalau tunajua nani kafunga maua.

#39 Shemeji Mkuu
Dr Grisi jibu lingine ni kwamba Sport nyingi zinakuja na vitu vimejaa. Breki kubwa, ngozi hadi kwenye dashibodi, spika za maana. Baadhi zina stabilaiza za haidroliki. Sio jina peke yake.

#40 Bwana Spana
Baadhi zina stabilaiza za haidroliki, na baadhi ya wenye nazo wanalia nazo. Bomba zake zikichakaa zinavuja. Kigoda ukikuta Sport yenye huo mfumo lala chini na tochi uangalie mabomba. Disco 4 ya dizeli huo mzigo haina.

#41 Mama Pacha
Na anayeangalia Disco za mwishoni, zile zilizoandikwa DISCOVERY kwenye boneti badala ya LAND ROVER, za kuanzia modeli ya 2014. Humo zipo zilizotoka bila gia za chini. Muuzaji mmoja aliniapia ipo, nikatafuta kitufe sikukiona, ananiambia siku hizi ni otomatiki. Kwa anayepanda Goba na tope hilo ni jambo la kwanza kuuliza.

#42 Kigoda
Sawa. Jumamosi naenda kuangalia Disco 4 ya 2012 iko Mikocheni, haijasajiliwa. Mke keshasema Sport asiione hata kwenye kioo. Bwana Spana nikuchukue saa ngapi?

#43 Bwana Spana
Saa moja asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Nataka kuisikia ikiwashwa ya baridi. Akishaipasha moto kelele nyingine zinajificha. Kama tukifika boneti ni ya moto tunageuza hapo hapo. Na nachukua oili kidogo toka kwenye kijiti, nainusa dizeli.

#44 Shemeji Mkuu
Kigoda umepoteza gari nzuri kwa sababu ya mama mkwe. Nasema hivyo tu.

#45 Dr Grisi
Mkipata nafasi mwagieni oili kwenye kitambaa cheupe na mpitishe sumaku. Utando wa juu wa beringi unaolika sumaku haiushiki kwa hiyo angalieni zaidi vijivumbi vinavyong'aa. Na kama vipo, ndo mtajua ni beringi zisizo na kijino na sio uzito wa trela.

#46 Kaka wa Coventry
Vijivumbi havisemi vimetoka kwa sababu gani Daktari. Vinasema vimetoka.

#47 Wa Kilifi
Na kitabu cha sevisi kikionyesha elfu 24 kila mara mtanikumbuka.

#48 fundi_wa_baiskeli
Nimesoma uzi wote toka mwanzo. Wakuu Freelander 2 mnaionaje, ile dizeli ya 2.2?

#49 mtoro_wa_foleni
Fungua uzi wako mkuu, huyu wa kwanza bado hajawashiwa injini.